Uso wangu huiva nikiulizwa jambo, na sasa kazini naonekana mwizi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mkazi wa Tanga mjini. Nafanya kazi ya ukeshia kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, na huu ni mwaka wangu wa tatu pale. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana jambo hili nikimwambia mtu analiona la kitoto, lakini mimi linaninyima usingizi.

Tangu niko darasa la sita uso wangu huiva. Mwalimu akinitaja jina tu nisimame nijibu, nasikia joto linapanda kutoka kifuani, linapita shingoni, linakuja kukaa mashavuni na masikioni. Rangi yangu ni maji ya kunde, kwa hiyo kila mtu anaona. Nyumbani wameshazoea, wananitania. Kaka zangu, ambao wamechukua weusi wa baba, wanasema huu ni ugonjwa wa watu weupe, wao hawana. Nilidhani nikikua nitaacha. Sijaacha.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mwezi uliopita, wakati wa kufunga hesabu, ilionekana shilingi 140,000 hazipo kwenye droo. Droo ile tunaitumia wawili, mimi asubuhi na mwenzangu jioni, na msimamizi wa stoo naye ana ufunguo. Jumatatu bosi akatukusanya wote nyuma ya duka, pale yanapopangwa mabati, kabla hatujafungua. Akasema, "Mwenye kosa anajijua. Simuulizi mtu, nitatazama nyuso tu." Wallahi Shangazi, sijagusa hata senti. Lakini aliposema vile nikaanza kuiva palepale. Masikio yanawaka, mikono imepoa hadi vidole. Mwenzangu mmoja akasema kwa sauti, "Eh, mtazameni huyo." Basi, wote wakageuka. Bosi hakusema kitu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema twendeni tukafungue.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniambia usoni kwamba mimi ni mwizi. Ila kila nikihesabu pesa naona mtu kasimama karibu. Vijana wa kupakia mizigo wakiniona wananyamaza. Bosi kasema pesa zisipopatikana kuna mtu atakatwa mshahara, na nahisi mtu huyo ni mimi. Nikifikiria kuingia ofisini kwake kujieleza, najua nikigusa mlango tu nitaiva, na nikiiva ndiyo nimekiri.

Nimejaribu mengi. Natoka nyumbani nimejipaka fandesheni nzito mpaka shingoni, navuta mtandio ufunike masikio. Rafiki yangu aliniletea krimu ya sokoni, kopo limeandikwa lugha nisiyoijua, akasema inatuliza uso. Nimeipaka kama miezi miwili. Mwanzoni uso ulitulia kweli, lakini siku hizi mashavu yanawaka hata nikiwa peke yangu, nikipita juani ndiyo balaa. Mwingine kanishauri nimeze vidonge vya presha vya mama kabla ya kikao, eti hata wanamuziki hufanya hivyo kabla ya kupanda jukwaani. Bado sijameza. Binamu yangu anaolewa Desemba na aliniomba nisome risala kwenye sendofu yake, nikamwambia nitakuwa na safari. Sina safari yoyote.

Kwa nini mwili wangu unanifanyia hivi na sina hatia? Na je, niache kazi mwenyewe kabla sijafukuzwa?

Keshia, Tanga.

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka. Usiache kazi sasa. Ukiondoka hesabu haijapatikana, utakuwa umewapa watu jibu walilokuwa wanalitafuta, na hutakuwepo kulikanusha. Huko tutafika. Kwanza nataka ujue ni nini hasa kilitokea usoni mwako kule kwenye mabati, maana umekuwa ukijihukumu kwa jambo ambalo hukupata kuelezwa, na bosi wako amekushuku kwa jambo hilohilo akilielewa kidogo kuliko wewe.

Kuna kitu umekiandika kwa kupita tu, lakini mimi ndicho nilichosimama nacho: masikio yaliwaka na mikono ikapoa, vyote kwa wakati mmoja. Mtu akishtuka au akiona aibu, mwili huamsha neva zilezile zinazotuandaa kukimbia hatari. Huitwa neva za simpathetiki. Adrenalini humwagika kwenye damu, moyo ukaenda mbio. Mikononi, vishipa vidogo vya ngozi hubana, damu ikaelekezwa kwenye misuli mikubwa, ndiyo maana vidole hupoa. Usoni mambo huenda kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliochunguza vena za uso wa binadamu walikuta kwamba kuta zake zina vipokezi vya aina ya beta, yaani vituo vidogo vinavyopokea ujumbe wa kemikali za mwili, ambavyo vikiguswa na kemikali hizi hulegeza mshipa badala ya kuubana. Tena ngozi ya mashavu na masikio ina vishipa vingi, vipana, vilivyo karibu sana na juu. Damu ikijaa humo, joto hupanda na rangi hubadilika.

Hakuna msuli hata mmoja katika kazi hiyo ambao wewe ungeweza kuukaza ukaizuia. Machozi mtu huweza kuyameza. Kicheko kinabanwa. Mwigizaji hodari atalia jukwaani akitakiwa, lakini mwambie aive uso sasa hivi uone kama ataweza. Kwa hiyo ile kazi uliyojipa miaka yote hii, ya kuushikilia uso usiive, hujaishindwa kwa udhaifu wako. Haifanyiki.

Kaka zako nao wana damu inayokwenda vilevile. Mtu mweusi huiva kama mweupe: joto ni lilelile, masikio huwaka vilevile, ila weusi wa ngozi huficha rangi asiione wa pembeni. Hili lilijulikana zamani. Daktari Mwingereza Thomas Burgess alichapisha kitabu kizima juu ya kuiva uso mwaka 1839, na humo alisimulia habari za mwanamke mweusi aliyekuwa na kovu usoni, mahali ambapo weusi ulikuwa umetoka. Kila aliposemeshwa ghafla, au alipotajwa kuwa amefanya kosa dogo, kovu liligeuka jekundu. Wekundu ulianzia ukingoni ukaenda kuelekea katikati. Ngozi iliyolizunguka haikuonyesha kitu. Kaka zako wana bahati moja tu, kwamba yao haionekani. Wangesimama kule kwenye mabati siku ile huenda wangewaka kuliko wewe, na bosi asingejua.

Mwanasayansi Charles Darwin naye alimnukuu Burgess alipoandika juu ya jambo hili. Mwaka 1867 Darwin alichapisha orodha ya maswali akawatumia wamisionari na watu wengine waliokaa nchi za mbali, na mojawapo liliuliza kama watu wa huko huiva uso kwa aibu, na wekundu hushuka mwilini mpaka wapi. Mwaka 1872 akatoa kitabu chake juu ya namna hisia zinavyojionyesha kwa watu na wanyama, na sura nzima akaitoa kwa kuiva uso, akisema hiyo ndiyo alama ya kibinadamu kupita zote. Nyani huwa mwekundu kwa hasira, lakini kwa aibu ni sisi peke yetu. Watoto wachanga hawaivi, alisema, na hata mtu aliyezaliwa kipofu huiva.

Katika sura hiyo kuna maneno ambayo ningependa bosi wako ayasikie. Darwin aliandika kwamba hatia yenyewe haiivishi uso. Mtu anaweza kusema uongo akajutia moyoni, uso ukabaki vilevile, lakini akihisi tu kwamba amegundulika ataiva mara moja. Na akaandika wazi kwamba watu wengi wameiva vibaya mno waliposhutumiwa kosa ambalo hawakulitenda kabisa. Kinachowasha uso ni kule kujua kwamba macho ya wengine yamekuangukia wewe. Ndiyo sababu tunaiva hata tukisifiwa. Bibi harusi anaiva. Mwanafunzi anayeitwa mbele kupokea zawadi anaiva. Bosi aliposema "nitatazama nyuso", tayari alikuwa ameziita nyuso, na uso wa kwanza kuitika ukawa wa yule anayejali sana namna anavyoonekana. Mwizi mzoefu, mwenye macho makavu, angesimama pale ametulia tuli. Namna ile ya kumtafuta mwenye kosa haifai, nasema hivyo nikimheshimu bosi wako, ambaye bila shaka ameumizwa na hasara yake.

Utafiti wa hivi karibuni umeongeza jambo. Mwaka 2024, mjini Amsterdam, mwanasaikolojia Milica Nikolić na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wasichana wa miaka 16 mpaka 20. Waliwaimbisha karaoke, nyimbo ngumu zilizochaguliwa makusudi, wakawarekodi. Baadaye wakawaingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwaonyesha video zao wenyewe pamoja na za waimbaji wengine, huku joto la mashavu likipimwa. Joto lilipanda zaidi msichana alipojiona mwenyewe. Ndani ya ubongo, sehemu zilizohusika zaidi na kuiva zilikuwa ubongo wa nyuma, yaani serebela, pamoja na sehemu zinazopokea picha kutoka machoni. Zile sehemu tunazozitumia kutafakari "huyu ananifikiriaje" hazikujitokeza. Mimi ninavyolisoma jambo hilo, uso huanza mapema mno, akili haijakaa sawa kupima chochote. Sasa kitu kinachotangulia fikra kitakuwaje ungamo?

Lakini nisikufariji kwa nusu ya habari. Darwin alidhani kuiva uso hakumsaidii mtu yeyote, kunamtesa mwenye haya na kumwondolea raha anayemtazama. Wataalamu wa Uholanzi, Corine Dijk na Peter de Jong, walimjibu kwa majaribio. Mwaka 2009 walionyesha kwamba mtu aliyeteleza mbele za watu, picha yake ikiwa na uso ulioiva, huhukumiwa kwa upole kuliko aliyebaki mkavu. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba hata aliyemsaliti mwenzake kwenye mchezo wa fedha huaminiwa zaidi baadaye ikiwa uso wake uliiva. Watu hawaisomi tu sura, wanasoma kwamba huyu bado anajali. Wahenga walikwisha kusema uso umeumbwa na haya, na wewe uliyelelewa Tanga umesikia tangu chuoni kwamba haya ni sehemu ya imani.

Upande wa pili ni huu. Mwaka 2003 de Jong na wenzake walichunguza hali ambayo haijulikani kama mtu ana kosa au hana, yaani hali yako hasa. Hapo kuiva kulimdhuru mtu. Watazamaji waliuchukua uso kuwa ushahidi, wakaujaza ule utata kwa tafsiri mbaya. Kwa hiyo hujakosea kuhisi kwamba umeshukiwa, wala huna wasiwasi wa bure. Na hapohapo ndipo dawa ilipo: uso wako unadhuriwa na utata, basi uondoe utata. Uso uache uwake unavyotaka. Zungumza kwa daftari.

Kabla hujaonana na bosi, kaa na hesabu za siku zile. Chukua ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine ya risiti ya EFD, uilinganishe na ulichokabidhi. Angalia pesa ya chenji mliyoanza nayo asubuhi, ilihesabiwa na nani, iliandikwa wapi. Pitia malipo yaliyoingia kwa lipa namba, maana maduka mengi hupata upungufu wa uongo kwa kuandika malipo ya simu kana kwamba ni taslimu. Uliza kuhusu saruji na nondo zilizotoka kwa mkopo: fundi anayeaminika akichukua mifuko mitano jioni na kuandikwa kwenye kijidaftari cha pembeni, mashine inaweza kuwa imeshatoa risiti na droo haina kitu. Andika tarehe ambazo wewe ulikuwa zamu na ambazo hukuwepo. Usimtaje mtu kwa dhana. Ungechukia mtu akufanyie hivyo, na umefanyiwa.

Kisha ingia ofisini, peke yako, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Utaiva. Anza nalo hilo, lisikusubiri. Sema hivi, au kwa maneno yako: "Bosi, nimekuja kuhusu zile 140,000. Mimi uso wangu huiva nikisemeshwa, tangu utoto, na hata sasa umeiva. Hilo naomba tuliweke pembeni tutazame hesabu, nimezileta." Mwekee mezani karatasi. Ukishalitaja mwenyewe, hana tena siri ya kukuvizia usoni. Halafu omba mambo mawili. La kwanza, kila zamu ikibadilika pesa zihesabiwe mbele ya wote wawili na kila mmoja aweke sahihi. La pili, funguo za droo zipungue. Mwenye kuiba haombi kuhesabiwa mbele ya shahidi, na bosi yeyote aliyefanya biashara analijua hilo.

Kuhusu mshahara na kufukuzwa, jua unapokanyaga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukukata mshahara kwa hasara kabla hajakupa nafasi ya kujieleza, na inamtaka awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki ndipo akuachishe kazi. Uso kuiva si sababu halali popote. Ikifika huko, Mungu aepushe, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa mtu aliyeachishwa kazi muda ni siku 30. Usiingie ofisini na vitisho vya sheria mdomoni. Nakwambia ili moyo utulie tu.

Yule aliyesema "mtazameni huyo" zungumza naye faraghani. Kumwambia mtu kwamba anaiva kunatosha kumfanya aive, hata kama alikuwa bado. Mwambie, "Siku ile uliponionyesha kwa watu uliniumiza. Nikiiva tena, niache." Usiongeze neno.

Sasa tuje kwenye haya unayoyafanya kila siku, ambayo kwa maoni yangu yamekuchosha kuliko kuiva kwenyewe. Fandesheni, mtandio unaovutwa, safari za kubuni. Mtandio wa kujisitiri ni wako, vaa. Ninaousema ni ule mkono unaopanda kila dakika kuficha sikio. Kila ukiuvuta unajikumbusha uso, na macho yako ya ndani yanageuka kuutazama. Unaona vipi mteja hapo? Mtafiti Peter Drummond na mwenzake waliwahi kuonyesha kwamba mtu akikodolewa upande mmoja wa uso, damu huongezeka upande huohuo. Umakini una nguvu kiasi hicho, na wewe umeuelekeza mashavuni kwako tangu darasa la sita.

Kuna mazoezi ya kuugeuza. Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Susan Bögels, aliyatumia kwa watu wanaoogopa kuiva, na wengi walipata nafuu. Unaanza mahali pepesi, pasipo joto lolote. Mteja akija dirishani, kazi yako ni kumsikiliza yeye: ameomba misumari ya inchi ngapi, anaijengea nini, amesema jina la mtaa gani. Mtu akikusimulia habari, mrudishie kwa maneno yako uone kama umeshika. Ukishazoea, fanya hivyohivyo pale joto linapoanza kupanda. Usigombane nalo. Jiambie limekuja, kisha rudi kwa aliye mbele yako. Litakaa dakika chache litashuka, na kila mara utakapolipita bila kukimbia litapungua meno. Miezi, si siku. Mimi ningeanza na kuacha fandesheni ya shingoni wiki hii, ya mashavuni baadaye.

Na ujue kwamba kutoka ndani moto unaonekana mkubwa kuliko unavyoonekana kwa nje. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 na watu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, uliwavalisha wanafunzi fulana ya kuonea aibu, yenye picha ya mwimbaji ambaye vijana wa pale hawakumtukuza, wakaingizwa chumba chenye wenzao. Walikisia karibu nusu ya watu wameiona ile picha. Kumbe ni karibu robo. Siku ya mabati ulikuwa na mtu aliyekutangaza, ndiyo maana wote waligeuka. Siku nyingi zilizobaki, watu wako kwenye shida zao.

Krimu ile inanitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Ulivyoieleza, kutuliza uso mwanzoni halafu mashavu kuwaka yenyewe, ndivyo zinavyofanya krimu zenye steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi. Steroidi hubana vishipa kwa siku za mwanzo, uso ukapoa, lakini ikipakwa usoni wiki kwa wiki hukondesha ngozi, vishipa vikaonekana na uwekundu ukawa wa kudumu. Mikorogo mingi ya sokoni huwa na steroidi, nyingine hidrokwinoni au zebaki, na Tanzania imezipiga marufuku kwenye vipodozi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza daktari wa ngozi, na kopo uende nalo. Usishangae uso ukiwaka zaidi siku za kwanza baada ya kuiacha. Ndiyo maana nataka uiache ukiwa mkononi mwa daktari, usije ukarudi kwa muuzaji. Wakati huohuo aangalie kama una rosasea, ugonjwa wa ngozi unaofanya mashavu na pua kuwaka mara kwa mara. Kwa watu wa rangi zetu mara nyingi hupita bila kutambuliwa.

Vidonge vya mama usiviguse. Wanamuziki wanaosemwa humeza propranololi, dawa inayoziba vile vipokezi vya beta nilivyokutajia, na kweli hutuliza moyo na mkono unaotetemeka, ingawa kwa kuiva uso msaada wake ni mdogo. Dawa hiyo ni hatari kwa mwenye pumu na huweza kushusha mapigo ya moyo mno. Tena hujui kama ndiyo anayomeza mama. Wagonjwa wengi wa presha wamepewa amlodipini au nifedipini, na hizo hupanua mishipa. Zinaweza kuuwasha uso wako mara mbili! Ukisikia pia habari za upasuaji wa kukata neva kifuani ili uso usiive, ujue upo, na ujue kwamba wengi waliofanyiwa hubaki wakitokwa jasho jingi mgongoni na tumboni. Hali yako haijafika huko.

Ila hofu yenyewe inatibika. Ukiona baada ya haya yote bado unakwepa watu, hulali, unapanga siku yako kwa kuogopa kuiva, hospitali hiyohiyo uliza kliniki ya afya ya akili. Wasiwasi wa kukaa mbele za watu ni jambo wanalolijua, na tiba ya mazungumzo inalisaidia sana.

Limebaki la binamu. Mwambie ukweli kwamba huna safari, uliogopa. Isome risala kwa sauti nyumbani, kwanza mbele ya mama, halafu mbele ya hao kaka zako wacheshi, mpaka maneno yazoee mdomo. Siku yenyewe chagua watu watatu ukumbini uwasomee wao. Sendofu ni shughuli ambayo kila mtu anategemea kuona nyuso zenye haya, kuanzia kwa bibi harusi, na uso wako hautakuwa kitu kigeni pale. Mpigie leo, kabla hajampa mtu mwingine.